Mlinzi Aliyetunza Ghala: Hotuba Kuhusu Kuandika Upya Majukumu ya Kazi

Hotuba kwa waajiri, maofisa utumishi na viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, Raskazone, Tanga

Ndugu Mwenyekiti, waajiri na mameneja mliotoka hapa mjini, Pongwe, Muheza, Korogwe na Pangani, ndugu viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, maofisa utumishi wenzangu, mabibi na mabwana: asalaam aleikum, na kwa wale tunaosalimiana kwa namna nyingine, habari za asubuhi. Wazee wangu mlioketi safu ya mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuhuisha maelezo ya kazi ya wafanyakazi na juu ya kubadilisha majukumu yao. Nimefanya kazi ya utumishi kwa zaidi ya miaka 30, nusu yake katika mashamba ya mkonge na nusu katika kampuni za kupakia na kupakua mizigo hapa mjini, na kwa hiyo mifano yangu itanuka mkonge na maji ya chumvi. Mtanisamehe.

Nianze na shauri nililoshindwa. Katika shamba moja, ambalo jina lake halina haja ya kutajwa, aliajiriwa mtu kuwa mlinzi wa usiku. Barua yake ya ajira ilisema hivyo, na karatasi ya majukumu iliyobanwa nyuma yake ilikuwa na mistari minne: kulinda lango la ghala, kukagua magari yanayoingia na kutoka, kuandika matukio katika daftari la lindo, na kutoa taarifa kwa msimamizi. Mwaka wa pili mtunza ghala aliugua, akaenda kwao Lushoto kujiuguza, na hakurudi. Meneja akamwambia mlinzi yule ashike funguo kwa wiki moja. Wiki ile ilichukua miaka sita. Kwa miaka hiyo sita alipokea dizeli, akatoa grisi, akatunza leja ya vipuri vya korona, ile mashine yetu ya kuchakata majani ya mkonge, akawa ndiye mtu pekee shambani anayejua kila boliti imelala rafu gani, huku orodha ya mishahara ikiendelea kumwita mlinzi na kumlipa kama mlinzi. Kisha mapipa mawili ya dizeli yakakosekana, na mimi, afisa utumishi wa kampuni, nikaandika barua ya kumwachisha kazi kwa uzembe katika utunzaji wa mali.

Shauri lilifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usuluhishi ulikwama, likaenda kwa mwamuzi, na mwamuzi hakuanza na dizeli. Aliniomba hati inayoonesha kwamba mtu huyu alikabidhiwa ghala, alikabidhiwa lini, na nani, na kwamba alielezwa utaratibu wa kupokea na kutoa mafuta. Nilifungua jalada mbele ya watu wote nikijua vizuri kwamba ndani yake mna mistari ile minne tu. Yule bwana naye, alipopewa nafasi, alisema kwa upole kwamba yeye aliazimwa funguo, hakupewa ghala. Tulishindwa, na kwa sheria ilivyokuwa wakati ule, fidia ya kuachishwa kazi isivyo halali haikupungua mishahara ya miezi 12. Fedha zililipwa na kusahauliwa. Jambo ambalo sijalisahau ni kwamba mpaka leo sijui kama aliiba au hakuiba, na wala hakuna anayejua, kwa kuwa hatukuwa na mahali pa kuanzia kumuuliza.

Nimelisimulia shauri hili kwa sababu wengi wetu tunadhani kwamba majukumu ya mfanyakazi hubadilika siku tunapoandika karatasi mpya. Majukumu yalikwisha kubadilika siku nyingi. Yalibadilika siku mtunza ghala alipougua, siku kompyuta ilipowekwa juu ya meza ya karani, siku meneja aliposema "hebu nisaidie na hili kwa leo". Tunapokutana kujadili kuhuisha maelezo ya kazi, kwa kweli tunajadili namna ya kuifikisha karatasi mahali ambapo mtu amekwisha kufika, na hapo ndipo tunapogundua kama tulimpeleka kwa haki au tulimsukuma tu.

Sheria haikutuacha gizani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi taarifa za maandishi pale ajira inapoanza, na miongoni mwa taarifa hizo yamo maelezo ya kazi yake, mahali pa kazi, saa za kazi na ujira. Hayo wengi tunayajua. Linalosahaulika ni kwamba kifungu hicho hicho kinaendelea kusema kuwa, likibadilika lolote kati ya hayo, mwajiri atazirekebisha taarifa hizo kwa kushauriana na mfanyakazi, kisha atamjulisha mabadiliko hayo kwa maandishi. Nawaomba mwangalie mpangilio wake: kushauriana kwanza, kuandika baadaye. Ofisi nyingi hufanya kinyume. Karatasi huchapwa, hupigwa mhuri, hutiwa katika bahasha, ndipo mfanyakazi huitwa na kuambiwa asaini sehemu yenye alama ya kalamu. Huko ni kutaarifu, na kutaarifu hakujawahi kuwa kushauriana, hata tukimkaribisha soda.

Kifungu hicho kina mambo mengine matatu ambayo mtayakuta kwenye meza ya mwamuzi. La kwanza, mfanyakazi asiyeelewa maandishi yale ni lazima aelezwe kwa namna anayoielewa, jambo ambalo hapa Tanga linanishangaza kila mara, kwa maana nimeona dereva wa lori aliyezaliwa Makorora na kukulia Makorora amepewa kurasa tatu za Kiingereza, akasaini kwa heshima, akazikunja na kuzitia chini ya godoro. La pili, nyaraka hizo hutunzwa kwa miaka mitano baada ya ajira kukoma. La tatu ndilo lililonimaliza mimi: shauri likiwa mbele ya chombo cha sheria na mwajiri akashindwa kutoa mkataba au taarifa za maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha kinachodaiwa unamwangukia yeye mwajiri. Mfanyakazi anaweza kusema "hatukukubaliana hivyo" akaketi. Wewe ndiye utakayehangaika.

Sasa niwapeleke bandarini, maana pale kuna mfano ambao kila mtu wa mji huu ameuona kwa macho yake. Kwa miaka mingi meli kubwa hazikuweza kufika gatini Tanga. Zilitia nanga nje, zaidi ya kilomita moja kutoka gati lilipo, na mzigo ulishushwa kwenye matishari, ukavutwa hadi gatini, ukapakuliwa mara ya pili. Kisha lango la kuingilia meli likachimbwa, kina kikatoka mita 3 kufikia mita 13, na magati mawili yenye urefu wa mita 450 yakaboreshwa, meli zikaanza kufunga kamba gatini. Sisi tulioko nje tuliona meli. Aliyefanya kazi humo aliona jambo jingine: shughuli nzima iliyokuwa kati ya meli na gati imeondoka. Karani aliyekuwa akienda na tishari kuhesabu magunia nje baharini hana tena tishari la kupanda. Msimamizi wa genge aliyepanga watu kwa kuangalia maji kujaa na kupwa anapanga watu kwa ratiba ya kreni. Mtu aliyekuwa fundi wa kamba na nyavu za kunyanyulia magunia anakutana na kontena ambalo halijui nyavu.

Katika kampuni moja ya mizigo nilikokuwa wakati huo, tulikuwa na makarani wanane wa kuhesabu mizigo ambao maelezo yao ya kazi yalitaja tishari mara tano. Mkurugenzi alitaka tufute neno "tishari" na kuandika "gati" mahali pake, jambo la dakika kumi kwa kompyuta. Niliomba siku 14. Tuliwapa kila mmoja daftari la shule la kurasa 48, tukawaomba waandike kila jambo walilofanya tangu kuingia zamu hadi kutoka, kwa maneno yao, bila kuogopa tahajia. Wasimamizi wao nao waliandika orodha zao kando, bila kuonana. Tulipoyaweka madaftari na orodha juu ya meza moja ilionekana kwamba kuhesabu, kazi iliyowapa jina, sasa kunachukua sehemu ndogo ya zamu. Muda mwingi uliobaki walikuwa wakipokea simu za madereva waliokwama getini, wakisahihisha namba za kontena zilizoingizwa vibaya kwenye mfumo, na wakikagua lakiri, ile kufuli ya muhuri ya mlango wa kontena, kama imekatwa, kazi ambayo ikikosewa huleta hasara kubwa. Hakuna msimamizi hata mmoja aliyeandika ukaguzi wa lakiri katika orodha yake. Waliudhani unafanywa na mtu mwingine. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sijaona mahali neno hili linapotimia kama katika orodha anayoandika bosi juu ya kazi ya mtu wa chini yake.

Nawashauri, kwa hiyo, kuanza na daftari. Hojaji za kurasa kumi zinazoletwa na washauri wa kulipwa zina manufaa yake, ila zinauliza maswali ya aliyeziandika. Daftari linasema lisilotarajiwa. Zingatieni tu kwamba wiki mbili hizo ziguse mwisho wa mwezi, kwa sababu mhasibu wa tarehe 10 na mhasibu wa tarehe 28 ni watu wawili tofauti, na kama ni shamba, ziguse msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, hata ikibidi daftari litolewe mara mbili kwa mwaka. Mwambieni mfanyakazi mapema daftari hilo litatumikaje. Akishuku kwamba mnatafuta sababu ya kumpunguza, ataandika riwaya.

Baada ya hapo yaja maandishi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu Kiswahili chetu cha ofisini kimezoea vitenzi vinavyoficha. Chukueni kitenzi "kuhakikisha". Nimewahi kuhesabu karatasi ya mlinzi mmoja iliyokuwa na "kuhakikisha" mara saba: kuhakikisha usalama wa mali, kuhakikisha hakuna wizi, kuhakikisha wageni wanafuata taratibu. Mlinzi mwenye tochi na filimbi hawezi kuhakikisha kwamba hakuna wizi. Anaweza kuzunguka uzio kila saa, kukagua mifuko getini, kupiga simu anapoona dalili, na kuandika aliyoyaona. Tunapomwandikia "kuhakikisha", tunampa lawama ya matokeo ambayo hana uwezo wa kuyashika. "Kushughulikia" nako ni kitanda kinachowalaza watu wote: kushughulikia malipo ni kuyaandaa, kuyakagua, kuyaidhinisha, au kupeleka hundi benki? Kati ya kuandaa na kuidhinisha pana tofauti ya mshahara, ya dhamana, na siku mambo yakiharibika, pengine ya jela. Na "kusaidia" hutumika mara nyingi pale ambapo mtu anafanya kazi yote na mwenye cheo anasaini.

Sentensi inayonisumbua kuliko zote, hata hivyo, ni ya mwisho. Ninyi nyote mnaijua, mnaweza kuisema pamoja nami: "na kufanya kazi nyingine zozote atakazopangiwa na mkuu wake wa kazi." Imo katika kila tangazo la ajira, serikalini na nje ya serikali, kama chumvi katika kila chungu. Siipingi yote. Kazini kuna dharura. Paa likivuja mtu wa mapokezi atanyanyua faili, na hatutaitisha kikao cha majadiliano mvua ikinyesha. Sentensi ile iliwekwa kwa ajili ya paa linalovuja. Tatizo limekuja pale tulipoifanya kuwa mlango wa nyuma unaopitisha kazi nzima nzima, ambazo zina ujuzi wake, hatari zake na malipo yake. Mlinzi wangu wa dizeli aliingizwa ghalani kupitia mlango huo. Kama mistari minne ya kwanza inachukua saa mbili za siku ya mtu na sentensi ya mwisho inachukua saa sita, basi karatasi ile imepinduka, na kazi yake halisi ndiyo hiyo "nyingine".

Kipimo ninachotumia, na ambacho hakimo katika sheria bali ni cha uzoefu tu, ni kwamba jambo la ziada likirudiwa kwa miezi mitatu mfululizo limeacha kuwa la ziada. Likifika hapo, ama liandikwe katika maelezo ya kazi ya mtu huyo baada ya kukaa naye, ama lirudishwe kwa mwenyewe, ama atafutwe mtu wa kulifanya. Yule anayeshikilia nafasi ya mwingine kwa muda apewe barua ya kukaimu yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Barua ya kukaimu isiyo na tarehe ya kuisha ni ile wiki moja ya meneja wangu.

Naona baadhi yenu waajiri mnatazamana. Mnasema moyoni kwamba tukiandika kila kitu wafanyakazi watakataa kutumwa, kila mmoja ataonesha karatasi na kusema "hili halimo". Woga huo nauelewa, na nimekutana na watu wa namna hiyo, tena wengine walikuwa wanachama wazuri wa tawi. Ninachoweza kuwaambia kutokana na niliyoyaona ni kwamba anayeshika karatasi na kukataa kazi mara nyingi ni yule aliyekwisha kuongezewa mara nne bila kuulizwa, na ya tano imemkuta amechoka. Zamani katika mashamba haya, enzi za kipande, kibarua alipewa kadi ya siku 30, na siku ilihesabiwa pale alipomaliza kazi aliyopimiwa. Ulikuwa utaratibu mgumu, na babu zetu wengi waliuchukia kwa haki. Lakini mkata mkonge alijua kazi ya siku ile inaishia wapi. Nimewakuta makarani wenye viyoyozi na viti vya magurudumu ambao hawajui.

Jambo hili linanipeleka kwenye hesabu ya kutoa. Sisi ni hodari wa kujumlisha. Kila mfumo mpya ukiletwa, kila mtu akistaafu bila nafasi yake kujazwa, majukumu yake hugawanywa kwa waliobaki, na katika karatasi zote nilizopitia sijui kama zilifika kumi ambazo mstari wa zamani ulifutwa kwa sababu mstari mpya umeingia. Katika ofisi moja, mwaka 2015, nilikuta maelezo ya kazi ya katibu muhtasi yakimtaka atunze utepe wa mashine ya chapa, wakati mashine yenyewe ilikuwa kabatini imelaliwa na paka. Hilo linachekesha na halimdhuru mtu. Linalodhuru ni kwamba katibu yule yule alikuwa akiingiza mahudhurio ya watu 60 katika mfumo wa mishahara, akifuatilia masurufu ya safari, akipanga magari, na jioni akipiga chapa barua zile zile za tangu alipoajiriwa, huku siku ikibaki na saa zile zile. Sheria inaweka ukomo wa kawaida wa saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki, na kinachozidi hapo ni saa za ziada zinazolipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Mwajiri anayeongeza jukumu bila kupunguza ajiulize kwanza linaingia saa ngapi. Asipopata jibu, basi ameamua kulilipia saa za ziada, au ameamua kutolilipa.

Yako mabadiliko ambayo hayahitaji kelele nyingi. Kutoka leja ya karatasi kwenda kompyuta ni kubadili chombo, na mfanyakazi anayefundishwa ipasavyo hana hoja ya kukataa. Lakini kumtoa mtu Tanga mjini kumpeleka Pangani, kumtoa zamu ya mchana kumtia ya usiku, kumpa mamlaka ya fedha asiyokuwa nayo, au kumshusha cheo huku tukiita "kupangiwa majukumu mapya", hayo ni mambo ya mkataba, na wala maelezo ya kazi hayana nguvu ya kuyabeba peke yake. Zamu ya usiku, kwa mfano, kisheria ni kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa yake ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Aliyehamishiwa huko kwa mstari mmoja wa karatasi ya majukumu ana haki ya kuuliza mstari wa pili, wa malipo, uko wapi. Na mtu akijiuzulu kwa sababu mwajiri ameifanya ajira yake isivumilike, sheria inaweza kulihesabu tendo hilo kuwa ni kuachishwa kazi. Wenzangu wa utumishi, msifurahie haraka barua ya kujiuzulu ya mtu mliyembadilishia kazi mwezi uliopita.

Kama nafasi yenyewe inatoweka, kama makarani wangu wa tishari wangekuwa hawana pa kwenda, basi hilo linaitwa kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuendeshaji, na lina njia yake katika kifungu cha 38: taarifa, kutoa habari zote zinazohusika, na majadiliano na chama cha wafanyakazi kabla uamuzi haujafungwa. Kulipitisha jambo hilo kwa jina la "kuhuisha majukumu" ni kujidanganya.

Kuna upande wa usalama ambao viongozi wa matawi huusahau kwa kuwa macho yao yako kwenye mshahara. Jukumu jipya huja na hatari mpya. Tangu Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, mwajiri hawezi kumwambia mfagizi wa karakana aoshe mapipa ya kemikali bila mafunzo na vifaa, hata kama "kuosha" ni ndugu yake "kufagia". Mama mjamzito au anayenyonyesha hawezi kupewa kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto. Na ajali ikitokea, watu wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi watataka kujua kama iliumiza mtu akiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Fikirini mlinzi aliyekatwa vidole akitengeneza pampu ya maji saa nane usiku kwa kuwa msimamizi alimpigia simu. Familia yake itasema alitumwa. Simu haina saini.

Wenzetu wa utumishi wa umma wana utaratibu wao wa miundo ya utumishi, ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na upimaji wa utendaji uliokuwa wa fomu zilizoitwa OPRAS na sasa uko katika mfumo wa kompyuta uitwao PEPMIS, na sitaingia humo kwa kirefu. Niseme tu kwamba anayepimwa kwa malengo yasiyolingana na kazi anayofanya anapimwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Jambo hilo ni kweli pia kwa kampuni binafsi: huwezi kumwondoa mtu kwa utendaji duni kama hukuwahi kumjulisha kiwango kilichotakiwa na kumpa nafasi ya kukifikia.

Juu ya kikao chenyewe cha kushauriana, nina machache. Kiwe cha watu wawili au watatu, na mfanyakazi akitaka mwakilishi wa tawi aje naye, aje. Rasimu apewe siku kadhaa kabla, aisome nyumbani, amsomee mwenzi wake kama anapenda. Anaposema "hili sikubali", muulizeni analikataa lote au sehemu yake, maana mara nyingi nimekuta mtu anakataa jukumu zima kwa sababu ya neno moja, na neno hilo likibadilishwa anasaini akitabasamu. Mkikosa kuelewana, andikeni kwamba hamkuelewana na kwa nini. Karatasi inayoonesha mvutano wa kweli ina thamani zaidi kuliko yenye saini iliyotolewa kwa woga, na mwamuzi mzoefu huzitambua zote mbili.

Mkimaliza, toleo jipya liwe na tarehe ya kuanza kutumika, saini za pande zote mbili na jina la nafasi lile lile lililo kwenye orodha ya mishahara. Toleo la zamani msilichane. Lipigwe mstari wa kukatisha, liandikwe tarehe lilipokoma, lirudi katika jalada, kwa kuwa kosa la mwaka jana litaulizwa kwa karatasi ya mwaka jana. Nakala moja ni ya mfanyakazi, na iwe kwa Kiswahili.

Madaftari ya kurasa 48 yako kwenye meza ya mlangoni. Kila mwajiri achukue mawili, la mtu mmoja wa ofisini na la mtu mmoja wa nje, lango, shamba au gati, na tarehe za kuyajaza ni kuanzia 20 ya mwezi huu hadi 3 ya mwezi ujao. Maofisa utumishi, tafadhali jazeni na la kwenu. Sasa, Ndugu Mwenyekiti, kwa ruhusa yako nitapokea maswali, na nianze na kaka yule wa nyuma mwenye sare ya ulinzi, ambaye amenyoosha mkono tangu nilipotaja pampu.